Radhi Iliyorukwa

Antananarivo, 14 Mei 1999

Mama Mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama kifua kinambana tangu baridi ianze. Mkeka wa matete uliotutumia ulifika salama. Mama ameutandika sebuleni na hataki mtu aukanyage, kwa hiyo tunauzunguka kama kisima. Nyie huko ziwani Ambodizozoro mnaendeleaje? Mpunga umeiva? Baba Mkubwa amesharudi nyumbani kutoka kikao cha Bunge?

Sasa habari ya kazi. Nimechukuliwa kwa muda tu, mpaka mwisho wa Septemba, lakini nashukuru, maana wengi niliomaliza nao shule bado wanakaa nyumbani. Tunasikiliza kaseti za mijadala ya Bunge na kuchapa yaliyosemwa, ndipo yatoke kama kumbukumbu rasmi. Tuko chumba kimoja chini ya ngazi. Wachapaji ni watano na hedifoni ni mbili, kwa hiyo tunazingojea kama wagonjwa kwenye foleni ya sindano. Hata kaseti ni chache. Kikao kipya kikianza, zile za kikao kilichopita hurekodiwa upya juu yake.

Mkubwa wetu ni Bwana Ratsimba, mzee mpole anayevaa shuka begani hata ofisini. Siku ya kwanza aliniuliza, "Binti, kwenu mlifundishwa kuomba radhi kabla ya kusema?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri sana. Hapa usahau."

Unajua waheshimiwa wanavyohutubia. Kila mmoja huanza kwa kuomba radhi kwa wazee, kwa marehemu, kwa aliyepaswa kusema kabla yake, na wengine radhi inakuwa ndefu kuliko hotuba. Bwana Ratsimba anasema tukizichapa zote, karatasi za mwaka zitaisha kabla ya Pasaka. Kwa hiyo tunaisogeza kaseti mbele mpaka msemaji afike kwenye "baada ya kuomba hayo," na hapo ndipo tunaanza kuchapa. Dada Perline anayekaa karibu nami ananicheka, anasema, "Wewe unavyoogopa kufungua mdomo, ungeomba radhi hata kwa mashine."

Na sasa lile nililotaka kukuambia tangu mwanzo! Wiki iliyopita nililetewa kaseti ya mjadala wa muswada wa kukodisha mabwawa ya matete kwa makampuni, na mara sauti ya Baba Mkubwa ikaniingia masikioni. Sikumwambia mtu kuwa ni wetu. Alimshukuru waziri kwa jasho lake, akaitakia nchi baraka, akakaa. Muswada ukapita kwa kunyoosha mikono. Sisi hatuandiki ni nani aliyenyoosha, tunaandika tu kwamba umepita. Hotuba yake niliichapa bila kosa hata moja. Redio husoma kutoka kwenye karatasi zetu, kwa hiyo huenda mmesikia maneno yaliyopita vidoleni mwangu. Mwambie nimejivunia.

Mwanao,
Fanja


Ambodizozoro, 2 Juni 1999

Fanja mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi. Mwambie mama yako achemshe maji ya ukoko ayanywe yakiwa moto, na aache kufua asubuhi na mapema.

Sisi tupo. Mpunga tumeanza kukata. Yule kuku mweupe aliyekuwa anakudonoa ameangua. Mimi ninasuka, ila sokoni siendi siku hizi, miguu.

Nina ombi dogo. Nitumie viberiti, vingi kadiri utakavyopata, na chumvi.

Na nilitaka kukuuliza, si jambo kubwa. Hiyo kaseti mnapoisogeza mbele, huwa mnasikia inachosema, au hamsikii kabisa?

Kazi yako ishike vizuri.

Mama yako mkubwa,
Rasoazanany


Antananarivo, 20 Juni 1999

Mama Mkubwa mpendwa,

Tunakusalimu. Mama amepata nafuu kidogo, maji ya ukoko anakunywa, kufua hajaacha. Viberiti na chumvi nimevifunga kwenye kitambaa cha bluu. Mama alipoviona alicheka: "Dada yangu anataka kuchoma ziwa zima?"

Mimi sikucheka, kwa sababu siku iliyotangulia nilikutana na Solofo, jirani yenu.

Nilimkuta sokoni anauza mikeka. Nilifurahi, nikamsogelea kumpa mkono. Hakuupokea.

"Ehee, binti wa nyumba ya muuza-matete," alisema kwa sauti, watu wakageuka. "Ziwa letu mnalila na nini huku mjini, na wali au na mkate?"

"Kaka Solofo, sielewi."

"Usijifanye mtoto. Redio ilimsoma. Sheria ya kutunyang'anya matete inapitishwa, yeye anasimama kumshukuru waziri na kumwaga baraka! Kijiji kimeamua. Hakuna kupeana moto na nyumba ile, hakuna maji, hakuna mkono shambani. Mkutano wa Agosti ndio utakaosema kama ni adhabu ya msimu au ya maisha."

"Na Mama Mkubwa?"

"Kwani yeye analala nyumba gani?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikapitiliza mtaa wetu. Mama Mkubwa, kwa nini hukuniambia? Uliniomba viberiti tu. Wewe, ambaye kila asubuhi tangu nizaliwe ulikuwa unaenda na kifuniko cha sufuria kwa Bibi Rafotsy kuchukua kaa la moto, na kesho yake yeye anakuja kwako! Na katika barua yako nzima Baba Mkubwa hayumo, hata salamu.

Swali lako nimelielewa sasa. Jibu ni kwamba hatusikii. Kaseti ikienda mbio inalia kama panya tu. Alisema nini mle? Tafadhali niandikie. Silali vizuri.

Fanja


Ambodizozoro, 9 Julai 1999

Fanja,

Viberiti vimefika, asante. Sote wazima. Solofo angeuza mikeka yake akanyamaza.

Kwa kuwa umeshajua, sina cha kuficha. Siku redio ilipomsoma tulikuwa mezani. Baba Mkubwa wako aliweka kijiko chini, akasema, "Wameanzia mwisho." Basi. Nikamsumbua siku mbili ndipo akanieleza. Anasema neno zito huwekwa ndani ya radhi, pale mwanzoni, ili usimwaibishe mtu machoni pa watu. Ukishalisema, unamshukuru kila mmoja na kumaliza kwa baraka, hata huyo unayempinga. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Anasema mle kwenye radhi alikataa, na kila aliyekuwepo alimsikia.

Nikamwambia, "Waliokuwepo hawakai Ambodizozoro. Simama uwanjani uwaeleze."

Akasema, "Mtu anayezunguka akirudia maneno yake ili asifiwe, huyo ni muuza dawa, si msemaji."

"Basi waandikie wakubwa wa Bunge wasahihishe."

"Niwaandikie nini? Kwamba mimi ni mtu mzuri?"

Unamjua ukaidi wake. Anavuna peke yake. Juzi nilimwona anapanda tuta na mzigo wa mpunga kichwani, wanaume wamekaa pale pale juu, wanatazama upande wa pili.

Sasa sikiliza. Usifanye lolote. Wewe ni mtoto wa mdogo wangu. Ukisema neno, watasema jamaa wanamtilia jamaa yao maneno mdomoni, na hapo ndipo tutakuwa tumekwisha. Kazi nayo utaikosa, na mama yako anahitaji dawa.

Tena usimwandikie yeye. Hajui kuwa ni wewe uliyechapa. Barua yako ya Mei nilimsomea, nilipofika pale nikaruka.

Mama yako mkubwa


Antananarivo, 27 Julai 1999

Mama Mkubwa mpendwa,

Mama anakusalimu, anakohoa kidogo. Amepanda karoti nyuma ya nyumba na anaziongelesha.

Nimekukosea utii. Nimeisikiliza kaseti.

Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu walikuwa wametoka kununua vitumbua. Nilivaa hedifoni, nikairudisha mpaka mwanzo. Niliandika pembeni alichosema, na nakuandikia hapa kama kilivyo:

"Naomba radhi kwa wazee, maana nasema nao wamekaa. Naomba radhi kwa mheshimiwa waziri, kwa sababu nitamshukuru kwa jasho lake, lakini mkono wangu leo hautanyanyuka. Naomba radhi kwa wanawake wa ziwani wanaosuka. Sina nguvu ya kuizuia sheria hii. Ninalo neno hili moja tu, kwamba matete yale si yangu, na kisicho changu sitakikodisha. Msinihesabu pamoja na wanaokubali. Baada ya kuomba hayo..."

Pale ndipo nilipoanzia mimi.

Mama Mkubwa, nilivua hedifoni na masikio yakaendelea kusikia. Niliona fahari kuchapa bila kosa, na kumbe nilichapa mkia nikaacha mnyama mzima.

Sasa linalonitia hofu ni hili. Kikao kipya kinafunguliwa mwishoni mwa Agosti. Dada Perline ameshaanza kupanga kaseti za kufutwa kwenye boksi, na ile imo. Nikiichukua ni wizi. Nikinyamaza, sauti yake inafutwa na hakuna tena mtu duniani wa kuonyesha kwamba alikataa.

Tarehe 11 Agosti inakuja kamati ya wabunge inayotafuta namna ya kuboresha kazi za Bunge. Wataketi na sisi watumishi wa chini mmoja mmoja tuseme tunapungukiwa nini. Wenzangu wanafurahi, wanataka viti. Mimi nataka kuwaambia habari ya kaseti. Unakumbuka shuleni nilivyosimama kusoma risala nikasahau hata jina langu? Sijui kama nitaweza. Lakini tafadhali usinijibu kwamba nisifanye.

Fanja


Ambodizozoro, 13 Agosti 1999

Fanja,

Barua yako ya mwisho niliyo nayo ni ile ya viberiti. Wanasema treni imeharibikia Moramanga na mifuko ya posta imelala huko. Hii nampa mwalimu anayesafiri kwa gari. Sijui kama uliandika, sijui kama umenyamaza kwa hasira.

Mama yako hajambo?

Baba Mkubwa wako ameteleza tutani na mzigo. Mguu umevimba na homa ipo. Hakuna aliyekuja kumwona. Mkutano ni tarehe 28. Wakisema ni ya maisha, hata siku tukifa hakuna atakayetubeba, na hilo ndilo analolifikiria akigeukia ukutani, ingawa anasema anasikiliza mvua. Hakuna mvua.

Jana asubuhi nilichukua kifuniko cha sufuria nikaenda kwa Rafotsy kuomba kaa la moto. Nilisahau kabisa, mwanangu, miguu ilijipeleka yenyewe. Akafungua mlango. Akanitazama, akatazama kifuniko, akaanza kulia. Kisha akafunga.

Viberiti vinakaribia kwisha.

Nilikuandikia usifanye lolote. Sijui kama nilisema vema.

Mama yako mkubwa


Antananarivo, 15 Agosti 1999

Mama Mkubwa mpendwa,

Mama hajambo, na anasema mguu wa Baba Mkubwa ukandwe kwa majani ya mpera. Barua yako ya tarehe 13 mwalimu ameileta mwenyewe leo mchana. Nimeisomea jikoni. Hii naiandika haraka kwa sababu Solofo anaondoka kesho kwa lori, na ndiye atakayeileta. Ndiyo, Solofo. Ngoja nieleze.

Ile kamati ya wabunge niliyokuandikia katika barua iliyokwama Moramanga ilikuja tarehe 11 kutusikiliza sisi watumishi wa chini. Mwenyekiti ni mama mmoja mfupi, Mheshimiwa Bakoly, anayekuna sikio kwa kalamu. Wenzangu walisema haja zao: hedifoni, viti, kaseti, wachapaji wengine. Perline aliomba dirisha. Nikaitwa mimi.

Nilisimama. Nikaanza kuomba radhi, kama ulivyonifundisha, kwa wazee na kwa walionitangulia. Bwana Ratsimba akaninong'oneza, "Fupisha, binti. Anzia kwenye ombi lenyewe."

Nikasema, "Naomba radhi na kwa Bwana Ratsimba, kwa sababu ombi langu limo humu humu ndani ya radhi."

Mmoja akacheka. Mwenyekiti akanyanyua kalamu. "Mwacheni."

Nikaendelea. Niliomba radhi kwa mbunge mmoja ambaye maneno yake niliyaruka, yakatangazwa nchi nzima yakiwa yamekatwa kichwa. Niliomba radhi kwa watu wake wanaomwadhibu kwa alilolikataa. Na niliomba radhi kwa kamati, kwa sababu mbunge huyo ni mume wa dada wa mama yangu, kwa hiyo wasiniamini mimi, waiamini kaseti, na kaseti hiyo iko kwenye boksi la kufutwa.

Ndipo Bwana Ratsimba akasimama, akaivuta shuka yake begani, akasema, "Nami naomba radhi. Mtoto huyu nilimfundisha mimi."

Mwenyekiti akamwuliza, "Tangu lini mnaruka?"

"Tangu karatasi zilipopunguzwa, mheshimiwa. Sikumbuki ni lini."

Akakuna sikio muda mrefu. Mbunge mmoja akasema kaseti isikilizwe na kamati peke yake, mambo ya ndani yabaki ndani. Mwenyekiti akajibu, "Yamefika hapa kwa sababu yalibaki ndani. Kesho saa tatu, mlango wazi, anayetaka aje."

Nilikimbia sokoni. Solofo aliponiona akageuza uso.

"Kesho njoo Bungeni usikie kwa masikio yako," nikamwambia.

"Mimi? Bungeni? Na ndala hizi?"

"Na ndala hizo. Ukisikia nimekudanganya, nenda kaseme kijijini kwamba sisi ni waongo. Sitajitetea."

Akanitazama. "Wewe mtoto si ulikuwa huongei?"

Alikuja. Alikaa nyuma kabisa kofia kichwani, mikono imekunjwa. Walipoiwasha na sauti ya Baba Mkubwa ikajaa chumba, alikuwa bado amekunja uso. Pale aliposema "wanawake wa ziwani wanaosuka," Solofo alivua kofia. Hakuivaa tena.

Nje aliniuliza, "Sasa kwa nini redio haikuyasema haya?"

"Kwa sababu sikuyachapa."

"Kwa nini hukuyachapa?"

"Karatasi hazitoshi. Wala hedifoni. Wala watu."

"Karatasi!" alisema. "Mke wangu anapishana njiani na mama yako mkubwa kama hawajuani. Kwa ajili ya karatasi!"

Bwana Ratsimba ameruhusiwa kutoa nakala ya kaseti, na Solofo anayo mfukoni. Kamati inasema itapendekeza hotuba zichapwe nzima, majina ya wanaopiga kura yaandikwe, na mwananchi aruhusiwe kusikiliza. Inasema pia itaomba fedha za wachapaji na vifaa. Perline anasema pendekezo na fedha ni ndugu wasiosalimiana. Kuhusu kazi yangu baada ya Septemba, Bwana Ratsimba anasema hajui. Hakunikasirikia. Alinipa kitumbua.

Sheria yenyewe haibadiliki. Nilitaka ulijue hilo kabla hujafurahi.

Naogopa Solofo atachelewa. Naogopa hawatamsikiliza. Niandikie mara moja.

Fanja


Ambodizozoro, 5 Septemba 1999

Fanja mwanangu,

Kwanza mguu. Uvimbe umeshuka, homa imekwenda, anadai chakula na anakosoa ninavyopika. Kwa hiyo amepona.

Lori lilimshusha Solofo Ambatondrazaka, akakosa usafiri, akakaa huko siku nyingi. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Alifika siku ya mkutano wenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi, na redio ya kaseti ya kuazima begani. Sisi hatukualikwa. Nilisikia kutoka uani. Solofo, ambaye hata kwenye harusi yake alimsukuma mjomba wake aseme, alisimama akaanza kuomba radhi. Aliiomba kwanza kwa nyumba yetu. Kisha akabonyeza.

Fanja, sauti ile ilivuka uwanja mzima. Baba Mkubwa wako alikuwa kitandani. Alisikia. Akafunga macho akasema, "Naongea polepole mno," lakini mkono wake ulikuwa umeshika wangu.

Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu, kila mtu alienda kwake. Usingizi sikuupata. Kimya kinaweza kuwa cha namna yoyote.

Kabla sijakuambia asubuhi yake, nikuambie haya. Watu wa kampuni wamekuja na vigingi, wamepigilia mpaka karibu na pale tunapokata matete. Na sasa wanaume tutani wanauliza: kama si yeye, basi ni akina nani walionyoosha mikono? Hilo hakuna kaseti inayolijua. Mwambie huyo mama wa kalamu tunangoja.

Barua yako ya Mei nimemsomea tena, safari hii bila kuruka. Nilipofika pale pa "bila kosa hata moja," alinyamaza, nikaogopa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Amesema nikuandikie kwamba msemaji anayetegemea wasikilizaji wote wawe wamelelewa naye ana lake la kuombea radhi.

Sasa asubuhi. Nilikuwa jikoni, sijawasha. Kimebaki kijiti kimoja katika viberiti vyako, nilikuwa nimekiweka, nakitazama tu. Nikasikia miguu nje. Nikasikia, "Hodi hapa."

Alikuwa Rafotsy, amesimama na kifuniko chake cha sufuria, kitupu. Hakunitazama usoni. Akasema, "Mwenzangu, jiko langu limezimika. Nimekuja kuomba moto."

Nilimwambia, "Ingia ukae. Ndiyo kwanza nawasha."

Mama yako mkubwa,
Rasoazanany